Kusoma kontrasti za picha za ubongo bila kudanganyika

Tuseme wasikilizaji wa Lamu, ndani ya skana, wamesikia vitu vitatu: Kiamu, Kiswahili sanifu na makelele matupu. Kontrasti hulinganisha hali hizo kwa uzani, yaani namba moja kwa kila hali. Kwanza hakiki mpangilio wa safu katika modeli ya takwimu, ambamo kila hali ina safu yake. Uzani ukiangukia safu isiyo yake, programu haitalalamika.

Kontrasti 1 −1 0 (Kiamu, sanifu, makelele) inauliza kama Kiamu kimezidi sanifu, si kama Kiamu kimeamsha sehemu hiyo. Hapa ndipo wengi huteleza. Beta, yaani makadirio ya mwitikio wa ubongo kwa kila hali, za −0.2 na −0.8 hutoa tofauti ya +0.6, na ramani hung'aa, ilhali zote mbili ziko chini ya kiwango cha mapumziko. Basi chora beta za kila hali kabla ya kuandika lolote.

Lugha zote mbili dhidi ya makelele ni 0.5 0.5 −1. Ukiandika 1 1 −1, jumla si sifuri tena na matokeo hayana maana uliyoitaka. Kiamu kikivuka kizingiti cha kitakwimu na sanifu kisivuke, bado hujathibitisha kuwa vinatofautiana. Pima tofauti yenyewe.

Usisahau masahihisho ya kupima mara nyingi: vokseli (vijisehemu vya picha ya ubongo) 100,000 kwa kizingiti cha p < 0.001 huweza kuleta takriban 100 za bahati nasibu tu.