Tumbo la period na vidonge vya rumeti: meza hivi usijiumize

Wadada wa hosteli tuongee kidogo. Kila mwezi lazima kuna mtu kajikunja kitandani rumuni, na kila floo ina yule dada mwenye kimfuko cha dawa, anakupa vidonge viwili vya rangi tofauti unameza fasta maana kesho mtihani wa UE, hata vinaitwaje hujui. Kujinunulia dawa ya maumivu sio dhambi, hizi zinauzwa bila cheti, kasheshe ni tunavyozimeza.

Chango, yaani hili tumbo la period, linakuja hivi: ukikaribia kubleed, ukuta wa kizazi unatoa kemikali zinaitwa prostaglandini, ndo zinafanya kizazi kijibane kusukuma damu, zikiwa nyingi unaumwa tumbo, mgongo, mapaja, wengine wanatapika na kuharisha kabisa. Brufen (ibuprofen) inazuia zisitengenezwe. Kwaiyo ukijikaza mpaka unagaragara ndo umeze, zishatengenezwa za kutosha na utasema dawa feki. Meza maumivu yanapoanza tu au damu ikianza kutoka, usisubiri.

Kula kwanza, hata chapati na chai. Alafu soma mg kwenye pakiti maana Brufen zipo za 200 na za 400. Kwa mtu mzima asiye na shida nyingine ni 400 kila baada ya saa 6 mpaka 8, isizidi 1200 kwa siku, na siku 2 au 3 zinatosha, sio wiki nzima. Panadol (paracetamol) kwa tumbo hili mara nyingi inazidiwa na Brufen ila ndo ya kukimbilia kama Brufen huwezi: vidonge 2 vya 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, na uangalie vile vya mchanganyiko vya mafua na kichwa, vingi vina Panadol hiyohiyo ndani.

Sasa kosa kubwa ni hili la kuchanganya Brufen na diklofenaki, au na asprini, eti zipeane nguvu. Hizo ni ukoo mmoja bwana, hupati nafuu zaidi, unachopata ni vidonda vya tumbo na figo kuchoka. Brufen na Panadol ni koo mbili tofauti, hizo zinaweza kwenda pamoja. Una vidonda vya tumbo, pumu, figo, au unahisi una mimba? Brufen na ndugu zake achana nazo kwanza, kaulize.

Na Flagyl jamani! Flagyl na amoxicillin ni za kuua vijidudu, chango halina kijidudu hata kimoja, ila bongo kila tumbo ni UTI basi watu wanabugia. Tramadol ndo usiguse kabisa bila daktari, ile inakushika, kuiacha kazi.

Usisahau joto, linasaidia kweli. Chupa ya maji moto ifunge na kanga uweke chini ya kitovu, ila sio chupa ya plastiki ya maji ya dukani, ukitia ya kuchemka inalegea inakumwagikia. Kutembeatembea nako kunasaidia hata kama hujiskii.

Kuna tumbo ambalo sio la kumezea vidonge hosteli. Pedi inaloa ndani ya saa moja tena na tena, damu inapita siku 7, una homa, uchafu unanuka, unaumia hata ukiwa haupo kwenye siku zako, au period imechelewa alafu upande mmoja unauma vibaya (hiyo nenda saa hiyohiyo, inaweza kuwa mimba nje ya kizazi). Na kama dawa umemeza vizuri na bado kila mwezi unakosa vipindi vya darasani, usikubali kuambiwa ukizaa litaisha. Endometriosi (nyama kama za ukuta wa kizazi zinaota nje ya kizazi) inampata karibu mwanamke 1 kati ya 10, Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, kaisema hadharani kuwa anayo. Ukifika kwa daktari taja tarehe zako na kila ulichomeza, pamoja na vile vya rumeti.