Kufunga mbao za kompoziti kwenye baraza la nyumba ya pwani, hatua kwa hatua

Mbao za kompoziti ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki ukakandamizwa kuwa ubao. Hazidai rangi wala vanishi, hazichomi miguu kwa vibanzi, na mchwa hawana hamu nazo. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari hizo ni sifa kubwa, nami nazipendekeza bila kusita. Ila kuna jambo wauzaji hulipita haraka: baraza la pwani huanza kufa kwa chini. Mbao unazozikanyaga zinaweza kukaa miaka 25 na zaidi, huku boriti zinazozibeba zimeshaoza na skrubu zimeshakatika.

Fumua baraza lililochoka kabla ya wakati wake ujionee. Juu, ubao uko vilevile. Gusa kichwa cha skrubu kwa bisibisi, kinanyofoka chenyewe, maana shingo iliyokuwa ndani ya boriti imeliwa na kutu hadi imebaki nyembamba kama njiti ya kiberiti. Pembeni yake boriti imekuwa nyeusi na laini, ukucha unazama. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu vitu ambavyo hutaviona tena kazi ikishakwisha.

Hatua ya 1: Chagua ubao

Tafuta ubao uliofunikwa ganda la plastiki pande zote nne. Kuna zilizofunikwa pande tatu tu, upande wa chini ukaachwa wazi. Hizo hufyonza unyevu kutoka chini, na pwani unyevu wa chini hauishi. Zisizo na ganda kabisa ziache, zitaota madoa ya ukungu mapema. Kama bajeti inaruhusu, zipo pia za plastiki tupu ya PVC zisizo na unga wa mbao ndani, na hizo hazina cha kuoza.

Ubao mzima ni bora kuliko wenye matundu ndani. Matundu huingiza maji na mchanga kwenye ncha, na vifuniko vyake huchomoka.

Rangi nayo ina maana. Ubao wa rangi nzito kwenye jua la mchana huunguza nyayo, na hurefuka zaidi kuliko wa rangi nyepesi. Angalia pia madirisha ya nyumba: vioo vya kisasa vinavyorudisha joto vinaweza kumulika sehemu moja ya baraza hadi ubao ukapinda au kuyeyuka. Ukiona mwanga mkali wa kioo unatua sakafuni, tafuta kivuli cha kuuzuia kabla hujafunga ubao wa kwanza.

Hatua ya 2: Nunua chuma sahihi

Hapa usibane matumizi. Chumvi ya bahari hutua juu ya chuma, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa hata siku isiyo na mvua, kwa hiyo chuma hakikauki. Na sehemu mbaya zaidi ni ile iliyofichika. Chuma kilicho wazi huoshwa na mvua mara kwa mara. Kilicho chini ya baraza hupata chumvi ileile bila kuoshwa hata siku moja. Watu wengi hufikiri kinyume: huweka skrubu nzuri juu zinapoonekana, na za bei rahisi chini.

Skrubu na boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambacho pia huandikwa A4. Daraja la 304, yaani A2, huuzwa kwa wingi na huonekana sawa kabisa machoni, lakini halina molibdenamu, ile asilimia 2 hadi 3 ndani ya 316 inayoisaidia kuhimili chumvi. Karibu na mawimbi 304 huanza kutoa machozi ya kahawia, kisha vishimo vidogo vidogo. Soma alama kwenye boksi. Usikubali neno la mdomo.

Skrubu zinazong'aa kwa zinki ya umeme zina tabaka la mikroni chache tu, na pwani tabaka hilo huisha haraka. Vishikio vya boriti, yaani vyuma vinavyobeba ncha zake, vilivyochovywa kwenye zinki ya moto vina tabaka nene zaidi na vinafaa nyumba iliyo mbali kidogo na maji. Ufukweni penyewe, vishikio navyo viwe vya 316.

Usichanganye metali. Ukipiga skrubu ya 316 kwenye kishikio chenye zinki, unyevu wa chumvi unaziunganisha hizo mbili, na zinki ndiyo inayoliwa. Kishikio cha zinki kipate misumari ya zinki, cha 316 kipate ya 316. Vivyo hivyo, mbao nyingi zilizotiwa dawa siku hizi zina shaba ndani, na shaba hutafuna alumini na chuma cha kawaida. Ukitumia fremu ya alumini, weka kizuizi cha plastiki au mpira popote inapogusana na mbao ya namna hiyo.

Hatua ya 3: Jenga fremu

Zege ya misingi isichanganywe na mchanga wa ufukweni. Chumvi iliyomo hula nondo ndani ya zege, kutu ikavimba na kuipasua. Nguzo isizikwe ndani ya zege. Ikae juu yake kwa kishikio cha chuma kinachoinua ncha ya mti sentimita chache, ili maji yapite na upepo ukaushe.

Boriti ziwe za mbao zilizotiwa dawa ya daraja la kugusana na ardhi, hata kama hazitaigusa. Kila unapokata, ndani panabaki mbao isiyo na dawa, kwa hiyo paka dawa ya shaba kwenye kila ncha papo hapo, kabla ya kuifunga. Mafundi wengi huiruka hatua hii, na ni ncha hizo zinazooza kwanza.

Nafasi kati ya boriti, ukipima kati kwa kati, isizidi sentimita 40. Kama mbao zitalala mshazari, au ni ngazi, shuka hadi 30. Ubao wa kompoziti hauna ugumu wa mti, na ukipata joto hulegea zaidi, kwa hiyo nafasi kubwa utaiona kama mawimbi sakafuni. Karatasi ya mtengenezaji ikitaja nafasi ndogo zaidi, fuata hiyo.

Kila boriti ina mgongo, yaani upande uliobinuka kidogo. Itazame kwa urefu, jicho moja likiwa limefumbwa, na mgongo uuelekeze juu. Kisha weka reli iliyonyooka juu ya boriti zote: nikiona mwanya unaozidi milimita 3 ndani ya mita 2, naparua boriti iliyopanda au naweka kabari chini ya iliyoshuka. Kompoziti hufuata kila bonde lililo chini yake.

Toa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Chini acha hewa. Mimi sishuki chini ya sentimita 15 kutoka ardhini hadi boriti, na nikiziba pembeni naacha matundu ya hewa pande zinazotazamana ili upepo uvuke.

Kwenye ukuta, kama unaweza, acha baraza lisimame kwa nguzo zake lenyewe. Kila boliti inayoingia ukutani ni mlango wa maji ya chumvi. Ikibidi kufunga, weka bati la kukinga maji linaloingia nyuma ya umaliziaji wa ukuta na kushuka mbele ya boriti. Bati hilo lisiwe la alumini tupu likigusana na mbao yenye shaba.

Mwisho wa fremu, bandika utepe wa butili, mpira laini unaonata, juu ya kila boriti, upana wake ushuke kidogo pembeni. Utepe huo huikaza skrubu inapopenya, maji yasishuke nayo. Usiizungushie boriti yote; mbavu zake zinahitaji kupumua.

Hatua ya 4: Hifadhi na ukate

Laza mbao bapa, zikiwa na vitegemeo vilivyokaribiana chini yake, kivulini. Zikipinda kwenye lundo zitakusumbua hadi mwisho.

Kata kwa msumeno wa meno ya kabidi. Weka turubai chini na kusanya unga wote: ni plastiki, na upepo wa pwani utaupeleka baharini. Usikate chuma karibu na mbao. Cheche hutua juu ya ubao, na kesho yake asubuhi kila chembe imekuwa doa la kutu. Kupiga mstari, tumia chaki nyeupe, maana chaki ya rangi huacha alama isiyotoka.

Hatua ya 5: Laza mbao

Kompoziti hurefuka na kufupika kwa joto, hasa kwa urefu. Ubao wa mita 5 ukipanda nyuzi 30 za Selsiasi unaweza kuongezeka takriban milimita 6, kutegemea mchanganyiko wake. Usipoipa nafasi, itajitafutia: ubao utajikunja juu au utasukuma ukuta.

Kwa hiyo mwanya wa ncha kwa ncha unategemea joto la ubao siku ya kazi. Ukifunga mchana wa jua kali, milimita 3 zinatosha, maana ubao umesharefuka. Ukifunga alfajiri au majira ya baridi, acha 5. Karibu na ukuta au nguzo acha 6 hadi 10. Ushike ubao kwa mkono kabla ya kukata. Uliotoka kivulini na uliokaa juani kwa muda wa saa mbili hazilingani urefu, na ukizikata pamoja utaona tofauti jioni.

Ubao wa kwanza unyooshwe kwa uzi, kwa sababu zote zitaufuata. Funga ukingo wake wa nje kwa skrubu, kisha ingiza klipu, yaani kibano kidogo cha kushikia ubao, kwenye mfereji wa ukingo wa ndani, klipu moja kwa kila boriti. Klipu zenyewe huleta mwanya wa milimita 5 hadi 6 kati ya mbao. Pwani mwanya huo ni muhimu kwa sababu mchanga utaingia, na ukiwa mwembamba utajaa na kushika maji. Klipu nazo ziwe za 316, au za plastiki zenye skrubu za 316.

Mbao mbili zinapokutana, ziwe na boriti mbili pacha chini yake, kila ncha na boriti yake. Skrubu iliyo karibu na ncha itobolewe tundu kwanza kwa keekee, angalau milimita 25 kutoka ukingoni. Drili iende polepole: chuma cha 316 ni laini kuliko skrubu nyeusi, ukikilazimisha kichwa kinakatika mkononi. Acha kichwa kikiwa sawa na uso wa ubao.

Ncha za mbao zisitokeze nje ya fremu zaidi ya sentimita 2.5. Ngazi hufuata taratibu hizohizo, ila kila kikanyagio kifungwe kwa skrubu za juu pamoja na klipu.

Hatua ya 6: Matunzo

Kazi ni ndogo, lakini ipo. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni laini na brashi ya nailoni. Ukungu unaouona hauli plastiki, unakula vumbi na chavua zilizotua juu, kwa hiyo ukiosha mara kwa mara unaunyima chakula. Ukitumia mashine ya kuoshea kwa presha, pua iwe ya kutawanya, usisogee karibu zaidi ya sentimita 30, na ufuate urefu wa ubao. Mchanga kwenye mianya utoe kwa kipande chembamba cha plastiki. Doa la kutu hutoka kwa asidi ya oksaliki iliyopunguzwa kwa maji, ukivaa glavu na miwani. Mikeka yenye mpira chini isikae juu ya sakafu, kwani huacha kivuli cha rangi kisichofutika.

Mara moja kwa mwaka ingia chini na tochi na mpira wa maji. Suuza vishikio na vichwa vya boliti, sehemu ambazo mvua haizifikii. Kisha toa skrubu moja kwenye ubao wa pembeni uitazame shingoni. Ikiwa safi, irudishe palepale. Ikiwa na vishimo, toa nyingine mbili upande unaopigwa zaidi na upepo wa bahari, na kama nazo ziko hivyo, badilisha za upande huo wote kabla hujagusa kitu kingine.