Usisubiri sauti: kumpunguzia udhia mtu aliye karibu na saikosisi

Ndugu akikaribia saikosisi, yaani kuvurugika akili hadi kusikia au kuamini yasiyokuwepo, nyumba nzima hutafuta sababu kubwa: msiba, talaka, kufutwa kazi. Mara nyingi kilichomchosha ni udhia mdogo mdogo, kama msukumano wa feri ya Likoni, makanga aliyemfokea, au stima iliyopotea usiku wa joto. Utafiti wa Maastricht, Uholanzi, uliotoka 2001, uliwapa watu saa za mkononi zilizolia mara 10 kwa siku, kwa siku 6, waandike yanayowakabili na hali ya moyo. Waliowahi kuugua saikosisi walitikiswa zaidi na mambo hayo madogo. Jamaa zao wa damu, ambao hawajaugua, nao walitikiswa kuliko watu wengine, ingawa si kila mwepesi wa kutikisika atakayeugua.

Basi anza na daftari, wiki mbili. Kila jioni aandike saa alizolala, udhia wa siku, na wasiwasi wake kwa alama 0 hadi 10. Aandike mwenyewe. Mtu aliyeanza kushuku watu akikuta unamwandika kisirisiri, umemthibitishia hofu yake.

Tazama safu ya usingizi kwanza. Mara nyingi usingizi hukatika, kisha anajitenga, kisha anahisi anasemwa barazani. Sauti asizozisikia mwingine huja baadaye. Akikosa usingizi siku mbili mfululizo, punguza mambo hapo hapo: asivuke feri saa za msongamano, ahamie chumba kilicho mbali na tivii, muguka na miraa ziachwe kabisa kwa kuwa zinamkesheza. Bangi ndiyo usiseme.

Nyumbani, kemeo huumiza kuliko kelele za barabarani. Azungumze naye mtu mmoja, jambo moja, kwa sauti ya chini. Akisema jirani anamroga, usibishe wala usikubali: "Naona una hofu, mwanangu. Njoo ukae hapa upumzike."

Kombe (maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji akanywa) na dua ziendelee kwa anayezitaka, lakini dawa za hospitali zisikatwe ghafla. Akiziacha anaweza kuonekana mzima kwa wiki au miezi, na hapo ndipo familia hudanganyika, kisha ugonjwa unarudi.

Sauti zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, au akigoma kula na kunywa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, Coast General au Port Reitz, hapa Mombasa. Chukua daftari: daktari atauliza usingizi ulianza kupotea lini.