Somo: Kupiga bugi ya Status Quo kwenye gitaa la ridhimu

Kodi (noti zinazopigwa pamoja) za Status Quo, kundi la roki la Uingereza, ni chache, hilo kweli. Ila kilichowaweka jukwaani miaka yote tangu Francis Rossi na Alan Lancaster waanzishe kundi London mwaka 1962 ni mkono wa kulia unaopiga bugi, yaani mdundo wa refu-fupi unaojirudia, na huo ndio mgumu kuliko kodi.

1. Tyuni ya kawaida (E-A-D-G-B-E, kuanzia uzi mnene, wa 6). Kodi E: uzi wa 6 wazi, kidole cha shahada uzi wa 5 freti ya 2. Piga nyuzi hizo mbili tu.

2. Piga mara mbili, kisha bana freti ya 4 ya uzi huohuo kwa kidole cha pete, mara mbili, rudi. Kipimo kimoja kina mapigo 8: 2-2-4-4-2-2-4-4. Shahada isinyanyuke, ikinyanyuka utachelewa kurudi.

3. Mapigo yote yashuke. Refu-fupi, refu-fupi: gawa pigo la mguu mara tatu, refu lichukue mbili. Ukiyalinganisha, bugi imekufa.

4. Kodi A ni vilevile, nyuzi za 5 na 4. Kodi B haina uzi wazi: shahada uzi wa 5 freti ya 2, pete uzi wa 4 freti ya 4, kidole cha mwisho kifike ya 6.

5. Mzunguko wa vipimo 12: E 4, A 2, E 2, B 1, A 1, E 2. Anza metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) 80 kwa dakika. Ongeza 5 pale tu mizunguko mitatu imepita safi.

MASWALI

Sauti yangu inavurugika, nyuzi zote zinalia.
Laza ubavu wa kiganja juu ya daraja la gitaa. Ukisogea mbele sana, noti zinazimika. Punguza pia geini (kiwango cha mkwaruzo kwenye amplifaya): Rossi na mwenzake wa kundini Rick Parfitt walipiga gitaa aina ya Telecaster, na ukali wake hupotea ukizidisha.

Nimezoea rumba, naruhusiwa kupandisha?
Kwa mtindo huu hapana. Pigo la kupanda ni jepesi, mwendo unalegea. Mkono ukikakamaa, shika piki kwa ulegevu na ushushe kasi.

B haifikiki!
Funga kapo (kibanio cha nyuzi zote) freti ya 3 upige maumbo ya A, D na E. D ni uzi wa 4 wazi na wa 3. Hapo uko kwenye ufunguo wa C, ule wa "Rockin' All Over the World" waliofungulia tamasha la hisani la Live Aid pale Wembley, 13 Julai 1985.