Lugha za ishara za Ulaya, uanze na ipi?

Kabla hujapakua app yoyote au kulipia kozi jiulize kwanza, kiziwi ntakayeongea naye ni nani na anaishi wapi? Jibu liko hapo. Wengi wanaanzia kwenye lugha ya mdomo, eti mi najua Kiingereza basi ntajifunza ishara za wanaoongea Kiingereza, na hapo hapo wanapotea. Lugha za ishara zimekuzwa na viziwi wenyewe, sanasana kwenye shule zao za bweni, zina sarufi yake na zina ukoo wake ambao haufuati kabisa ukoo wa lugha za mdomo.

Angalia Uingereza na Marekani. Wote Kiingereza, lakini kiziwi wa London na wa Chicago hawaelewani kirahisi, kwa sababu BSL, yaani lugha ya ishara ya Uingereza, ndugu zake wako Australia na New Zealand, wakati ASL, ile ya Marekani, ina damu ya Ufaransa: mwaka 1816 Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Paris, alivuka bahari na mwaka uliofuata ikafunguliwa shule ya viziwi Hartford, Marekani. Kwahiyo kama unajua ASL tayari, LSF ya Ufaransa itakupa ishara kadhaa unazozifahamu, BSL utaanza karibu na sifuri. Na Ireland wana ISL yao, nayo iko karibu na ya Ufaransa kuliko ya Uingereza, ila ukienda Northern Ireland utazikuta zote mbili, ISL na BSL.

Jaribu hii sasa hivi uone tofauti. Nyoosha kiganja cha kushoto, halafu kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia gusa ncha ya dole gumba, hiyo ni herufi A ya BSL. Ncha ya kidole cha shahada ni E, cha kati I, cha pete O, kidole kidogo U. Irabu zetu zote tano umeshazipata kwa mikono miwili! Ufaransa wanaspeli kwa mkono mmoja, na A yao ni ngumi.

Kama unahamia nchi fulani usiulize lugha ya nchi, uliza ya eneo unaloenda. Ubelgiji kuna VGT upande wa Flanders wanakoongea Kiholanzi na LSFB upande wa wanaoongea Kifaransa, Uswisi ziko tatu, Hispania kuna LSE lakini jimbo la Catalonia wana yao, LSC. Ujerumani ni DGS, Austria ni ÖGS, ni lugha mbili tofauti japo mdomoni wote wanaongea Kijerumani.

Huna safari wala ndugu kiziwi, unataka tu kujifunza? Chagua ile ambayo unaweza kumpata mwalimu wake kiziwi, hata kwa video. Kwangu hili lina uzito kuliko yote. Mwaka 1880 kule Milan walimu, karibu wote wanaosikia, walipiga kura shule zifundishe kwa mdomo tu, na miaka mingi baadae watoto viziwi wakakatazwa kutumia mikono darasani, lugha ikabaki inaishi kwao wenyewe mabwenini na kwenye klabu zao. Walioilinda ndo wao, basi tujifunze kwao na hela ya kozi iwafikie wao.

International Sign, yaani ishara za kimataifa, usianzie hapo, inatumika kwenye mikutano ya watu wa nchi tofauti na inawabeba watu ambao tayari wana lugha yao ya ishara. Ukitaka kulinganisha kabla hujaamua, ingia Spread the Sign, ni kamusi ya bure, andika neno moja la Kiingereza kama "mother" uangalie nchi moja moja wanavyolionyesha.

Ukishachagua usishtuke mwalimu wako akionyesha namba au rangi tofauti na video uliyoiona, BSL kwa mfano inabadilika hata mji kwa mji, we fuata ya watu utakaokaa nao. Na tangu somo la kwanza zoea kumwangalia mtu usoni, sio mikononi, mikono utaiona tu kwa pembeni, maana kwenye BSL nyusi zikipanda anasubiri ndio au hapana, zikikunjwa anakuuliza nani, wapi au kwanini.