Jinsi ya kuchua kifundo cha mguu kilichoteguka

Mguu ukiteguka leo, usiuchue leo. Kumkanda mtu papo hapo kwa maji ya moto na kuuvuta mguu ndiko kunakozidisha uvimbe: vimishipa vya damu vimepasuka ndani, na joto na msuguano huvifanya vivuje zaidi.

Kwanza hakikisha mfupa ni mzima. Bonyeza ukingo wa nyuma wa kila nundu ya kifundo (mfupa uliotokeza upande wa ndani na wa nje), kuanzia ncha yake ya chini ukipanda sentimita 6. Mfupa ukiuma hapo, au akishindwa kupiga hatua nne, apelekwe akapigwe eksirei.

Saa 48 hadi 72 za mwanzo ni za barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15 kila mara, bandeji ya mpira, na mguu kuinuliwa juu ya mito. Vidole vikifa ganzi, bandeji imekaza mno.

Uvimbe ukishaacha kuongezeka, kwa kawaida siku ya tatu au ya nne, anza kuchua. Kijiko cha chai cha mafuta ya nazi kinatosha. Dawa za kuchulia zinazowasha tunaziepuka, maana huficha maumivu, na maumivu ndiyo yanayokuongoza. Tanguliza shavu la mguu, ukitelezesha viganja hadi karibu na goti kwa dakika 2, ili maji ya uvimbe yapate njia. Kisha toka vidoleni, pita kifundoni, panda. Usirudi chini kwa nguvu. Dakika 10, mara mbili kwa siku. Lakini shavu likiwa limevimba, lina moto na linauma, usiliguse kabisa: huenda damu imeganda mshipani, na bonge likisukumwa laweza kufika mapafuni. Hiyo ni ya hospitali, siku hiyo hiyo.

Wiki ya pili shughulikia kano yenyewe, ule ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa. Inayoumia mara nyingi iko mbele kidogo ya nundu ya nje. Futa mafuta, weka ncha ya kidole, sugua kwa kukingama na kano, si kuifuata urefu wake. Ngozi itembee pamoja na kidole. Dakika 2 tu. Mguu ukiamka umevimba kesho yake, ulizidisha. Upumzishe siku moja.

Kila ukimaliza kuchua, asimame kwa mguu huo karibu na ukuta, sekunde 30 mara tatu. Kano iliyoteguka hupunguza uwezo wa mguu kuhisi unavyokanyaga. Usipofundishwa upya, utateguka tena palepale.