Jabal Akhdar kwa siku moja: mwongozo kwa sisi tunaoishi Maskati

Mbele kidogo ya mji wa Birkat al Mawz, barabara inapoanza kuukabili mlima, kuna kizuizi cha polisi. Askari anataka kujua jambo moja kabla ya yote: gari lako ni fowili au siyo. Kama injini haivuti magurudumu yote manne, unageuzwa hapo hapo, hata kama umetoka Maskati kabla ya adhana na watoto wamelala kiti cha nyuma.

Mwaka wangu wa kwanza Oman niligeuzwa. Ofisi moja ya kukodisha magari ilinihakikishia kwamba gari nililopewa linapanda Jabal Akhdar. Lilikuwa limeinuka, matairi mapana, ukilitazama kwa nje huna shaka nalo, kumbe linavuta kwa magurudumu ya mbele tu. Askari akasoma mulkiya, yaani kadi ya usajili wa gari, akalitazama gari, akatikisa kichwa na kunirudishia karatasi kwa upole. Siku ile tulishinda kwenye mitende ya Birkat al Mawz, tukila maandazi tuliyokuwa tumeyakusudia huko juu. Ndiyo maana naanza na gari, ingawa gari silo jambo kubwa la safari hii. Jambo kubwa ni miguu yako, na nitalifikia.

Jabal Akhdar maana yake ni Mlima wa Kijani. Ni sehemu ya safu ya milima ya Hajar, na uwanda wake wa Saiq uko kwenye mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Maskati ikiwa inaunguza, huko juu asubuhi unatafuta sweta. Kwa mtu aliyezaliwa Njombe, Kericho au Bukavu, mwili unakumbuka kwao mara tu mlango wa gari unapofunguliwa.

Ukikodi fowili, isome mulkiya kabla hujalipa, na uliza kama bima ya gari inaruhusu kupanda mlima huu, kwa sababu mikataba mingine hairuhusu. Ukiwa mkazi unahitaji leseni ya Oman. Ile ya nyumbani haitakutosha. Kila aliyemo garini awe na bataka yake, kitambulisho cha ukazi, mfukoni. Lakini ushauri wangu wa dhati, hata kwa mwenye fowili yake, ni huu: fika Birkat al Mawz kwa gari lolote, kisha mchukue dereva wa hapo mwenye Land Cruiser yake. Wapo, na kupanda na kushuka kile kilima ndiyo kazi yao ya kila siku. Elewaneni bei kabla ya kupanda, kwenda na kurudi pamoja na saa za kukusubiri, na mtajie vijiji unavyotaka kwa majina. Mkiwa wanne mkachangiana, hata dada anayefanya kazi za nyumbani na kupumzika siku moja tu kwa wiki anaweza kuimudu. Asiye na gari kabisa anapanda basi la Maskati hadi Nizwa, kisha teksi ya kurudi nyuma kidogo mpaka Birkat al Mawz. Hapo siku inakuwa fupi zaidi, kwa hiyo panga kurudi mapema.

Faida kubwa ya dereva wa pale siyo breki zake tu. Anakushusha mwanzo wa njia na kwenda kukungoja mwisho wake. Wenye magari yao hulazimika kurudi kwa miguu kulifuata gari, na wengi wakilifikiria hilo hawashuki kabisa. Wanasimama ukingoni, wanapiga picha, wanahamia ukingo mwingine. Wanarudi Maskati wakisema wameiona Jabal Akhdar, na kijiji hata kimoja hawajakikanyaga.

Kutoka Maskati hadi Birkat al Mawz ni kama kilomita 140 kwa barabara kuu namba 15, mwendo wa saa moja na nusu. Barabara ni pana na inashawishi mguu, lakini kikomo ni kilomita 120 kwa saa na kamera ziko njia nzima. Ondoka saa kumi na moja alfajiri, baada ya sala. Jaza mafuta kabla ya kupanda. Huko juu kuna kituo kwenye mji wa Sayh Qatanah, ila usikifanye tegemeo. Saa moja na nusu asubuhi utakuwa juu, na hiyo ndiyo saa unayoitaka, hasa ukienda wakati wa mawaridi.

Mawaridi huchumwa kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Mei, na Aprili ndiyo kilele chake. Ukikosa majira hayo, nenda Septemba ukayakute makomamanga yamening'inia juu ya kuta za mawe. Juni na Julai bustani zimetulia, lakini joto la Maskati lenyewe ni sababu tosha ya kupanda. Desemba hadi Februari usiku huweza kushuka chini ya sifuri. Mchana jua ni zuri, ila chukua jaketi la kweli.

Sasa miguu. Vijiji vitatu vimening'inia kwenye ukingo wa korongo moja kubwa: Al Aqor, Al Ayn na Ash Shirayjah. Kati yake inapita njia ya miguu, yenye alama za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu zilizopakwa kwenye mawe. Mtu wa kawaida anaimaliza kwa saa moja na nusu hadi mbili, na akiwa na watoto saa tatu. Mwambie dereva akushushe Al Aqor akakungoje Ash Shirayjah. Kuna ngazi za mawe zisizo na ukingo na sehemu zina utelezi, kwa hiyo malapa yabaki garini. Mtoto mdogo ashikwe mkono. Bonde chini pale ni refu na halina mzaha.

Upande mmoja wa njia ni matuta ya bustani, moja juu ya jingine kama ngazi, mengine hayazidi upana wa chumba. Mabua ya kitunguu saumu, majani ya ngano, kisha vichaka vya mawaridi. Waridi lake ni dogo, rangi ya pinki iliyopauka, na ukiliona peke yake huwezi kulisifia. Harufu ndiyo inayokusimamisha. Huchumwa asubuhi mapema kabla jua halijaipunguza, kwa hiyo ukifika saa mbili unawakuta watu bado wamejifunga vitambaa kiunoni, wanavitia vichwa vya maua humo kimoja kimoja. Usichume hata moja. Kila kichaka kina mwenyewe na hicho ndicho kipato chake cha mwaka.

Omba kuonyeshwa tanuri. Ni jiko la udongo na mawe lenye matundu juu, na moto uko chini. Kila tundu lina chungu kilichojazwa petali. Ndani ya chungu, juu ya petali, kinawekwa chombo cha shaba kitupu, na mdomoni mwa chungu kinakalishwa chombo kingine kilichojaa maji baridi. Mvuke unapanda, unagonga kitako kile cha baridi, unageuka matone, na matone yanadondokea kwenye shaba. Kazi hiyo ni ya saa kadhaa. Mwenye tanuri huchungulia, hubadilisha maji ya juu yakipata moto, huongeza petali. Kinachotoka siyo cheupe: kina rangi ya chai hafifu na harufu ya moshi, na huachwa wiki kadhaa kitulie kabla ya kuuzwa. Siku hizi wapo wanaotumia mitambo ya gesi na maji yao ya waridi ni meupe pee. Nayo ni halisi. Ila mimi huchukua yale ya moshi. Ndiyo harufu ya mrashi wa bibi yangu, aliyekuwa akitupita mmoja mmoja siku ya maulidi na kuturashia viganjani.

Mara yangu ya pili pale tulikuwa tunabishana wenyewe kwa wenyewe njia ipi ya kushika, na mzee mmoja aliyekuwa akizoa majani kwenye mfereji akainua kichwa. "Shikeni hiyo ya kulia, wanangu. Hiyo nyingine inaishia kwangu." Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. Tukamwamkia shikamoo, ami, akaitikia marahaba, akatupeleka ile ile inayoishia kwake. Alizaliwa Zanzibar, akaja Oman kijana, miaka ile baada ya 1970 Sultan Qaboos alipowafungulia mlango waliotawanyika baada ya Mapinduzi ya 1964. Ukikutana na mtu wa ukoo wa Riyami Unguja au Mombasa, jina hilo linatoka kwa Bani Riyam, kabila la mlima huu. Kwa hiyo msemeni Kiswahili chenu kwa sauti mkiwa njiani. Huwezi kujua nani anasikia nyuma ya ukuta.

Ukikaribishwa kahawa, kaa chini. Pokea kikombe kwa mkono wa kulia, kula tende, na ukitosheka kitikise kidogo wakati wa kukirudisha, la sivyo utaendelea kumiminiwa kwa heshima. Mwanamke usimpige picha bila kumuuliza. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Na mfereji, ambao wao huuita falaji, usioshee miguu, hata kama joto limekuchosha. Maji yake hutumika kwa ngazi: kwanza ya kunywa, kisha ya kutawadha, kisha bustani, na kila bustani hupewa maji kwa zamu ya saa yake. Anayeyachafua juu amewachafulia wote walio chini. Mifereji mitano ya Oman iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mmoja wake, Falaj al Khatmeen, unapita Birkat al Mawz pale pale ulipoliacha gari lako.

Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko Oman, na msimu wa mawaridi mlima hujaa. Wenye Ijumaa tu wasivunjike moyo. Tokeni mapema, malizeni vijiji kabla ya saa tano na nusu, kisha mtulie, maana wakati wa sala ya Ijumaa maduka hufungwa. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Siku nyingine beba chakula chako, na maji lita mbili kwa kila mtu. Sayh Qatanah utapata biriani na karaki, chai nzito ya maziwa, lakini njiani vijijini usitegemee duka.

Ikibaki saa moja baada ya chakula, nenda Wadi Bani Habib. Unashuka ngazi, unakuta chini mijozi mikubwa, na ng'ambo kijiji cha nyumba za mawe na udongo zilizohamwa, milango ya mbao bado imesimama. Usipande juu ya dari zake. Kuna pia ukingo maarufu aliofikishwa Bintimfalme Diana mwaka 1986, na leo uko ndani ya hoteli ya kifahari. Wengine hawataki kuukosa. Mimi naona ukishatembea chini kwenye matuta, kuyatazama kutoka juu hakukuongezei sana. Nizwa nayo, na ngome yake na mnada wake wa mbuzi wa Ijumaa asubuhi, ina siku yake. Usiibanze humu.

Mvua ni jambo la kuahirishia safari, na hapa nakusihi kama ndugu. Angalia utabiri jioni kabla ya kuondoka, na uangalie wa milimani, si wa Maskati. Mawe haya hayanywi maji. Mvua ikinyesha juu, bonde kavu, wanaloliita wadi, hujaa ghafla huku kichwani kwako jua linawaka. Aprili 2024 mafuriko yaliwasomba watoto wa shule Samad al Shan wakiwa ndani ya gari. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa kisheria, lakini usisubiri sheria ikukumbushe. Namba ya dharura ni 9999.

Anza kushuka saa tisa alasiri, mwanga ukiwa bado mwingi. Kama unaendesha mwenyewe, weka gia nzito, ya kwanza au ya pili, tangu juu na uiache injini ilizuie gari. Breki uiguse na kuiachia, usiikanyage moja kwa moja. Kando ya barabara utaona vichochoro vya kokoto vinavyopanda mlimani: vimejengwa kwa ajili ya gari ambalo breki zimeshindwa. Ukinusa harufu ya kuungua, egesha, zima, subiri nusu saa, na usimwagie gurudumu maji.

Chupa ya maji ya waridi nunua pale pale kwa mwenye tanuri, kwa fedha taslimu. Ifunge mdomo kwa nailoni, uizungushie kanga, na ukisafiri iingie kwenye sanduku la kukabidhi, si mkoba wa mkononi. Nyumbani ikae mahali pa giza. Mama yangu Tanga hutia kijiko kimoja kwenye sufuria ya halua dakika za mwisho, akishaipua, na yangu ya mwaka jana imebaki robo.